Fundi wa Uvunguni Anayeshukiwa Kila Nyumba

Thurman Wooten amelala kifudifudi kwenye udongo, chini ya nyumba ya watu, na mkononi ana upepeo wa kanisani.

Ndiyo, upepeo. Ule wa karatasi ngumu wenye kijiti, ambao watu wa mazishi hugawa bure makanisani, upande mmoja picha ya familia inasali, upande wa pili namba ya kupiga ukifiwa. Thurman anauegemeza kwenye boriti lililoota ukungu mweupe, anapiga picha kwa simu. Anausogeza kwenye boriti la pili, anapiga tena.

Juu yake, sakafuni, kuna mtu anatembea. Hatua zinamfuata. Akijivuta upande wa jikoni, zinaenda jikoni. Akitulia, zinatulia.

"Bi Ernestine, unanichunga?" anauliza.

"Nakusikiliza tu," sauti inajibu kutoka juu. "We endelea na kazi yako."

Hapa ni nje kidogo ya Kinston, mashariki mwa Carolina Kaskazini, na ni Julai. Hewa ya huku Julai unaweza kuikamua kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Nyumba nyingi za zamani hazikukaa chini kwenye zege. Zimewekwa juu ya nguzo fupi za matofali, zikazungushiwa kaukuta, na kati ya udongo na sakafu umebaki uwazi wa kupita mtu kwa tumbo. Huo ndio uvungu, na Thurman, mwenye miaka arobaini na sita, ndimo anamopatia riziki. Anaingia, anatafuta unyevu unatoka wapi, anauzuia kabla haujala mbao.

Shida ya kazi hii ni moja tu: mwenye nyumba haingii huko. Anaambiwa. Na mtu wa kuambiwa tu, utamwambia lolote.

Bi Ernestine Gaskins alishaambiwa. Alikuwa mpishi wa shule mpaka akastaafu, sasa ni mjane, na sakafu ya korido yake imekuwa laini, ukikanyaga inabonyea kama godoro. Asubuhi nyumba inanuka soksi mbichi. Miaka mitatu nyuma walikuja vijana wa kampuni moja, fulana zinafanana, wakamwonyesha picha ya boriti limeoza mpaka limemeguka. Wakamtajia bei ya kununua gari. Akawafukuza.

Ila picha ile walimtumia, alibaki nayo kwenye simu, na haikumtoka kichwani. Safari hii binti yake, Charisse, anayeishi mji wa Charlotte, amemtafutia mnunuzi. Mnunuzi amekuja, amerukaruka kwenye korido mara mbili, kasema sakafu hiyo imekwisha, na bei aliyotoa ni ya kiwanja tu. Anataka jibu kabla Agosti haijaisha. Bi Ernestine hataki kuhama. Nyumba hiyo aliijenga na marehemu mumewe, Rufus. Lakini kama kweli imeoza chini, atabishaje?

Ndipo akamwita Thurman. Na nusura amfukuze naye.

Ilikuwa hivi. Kabla Thurman hajashuka, Bi Ernestine alimwonyesha ile picha ya kwenye simu. Thurman akaiangalia kidogo tu.

"Hiyo picha naijua," akasema.

"Unaijua vipi?"

"Siyo ya kwako, mama. Ni ya nyumba ya mtu mwingine kabisa. Nimeiona inaonyeshwa kwa watu wengi sana."

"Na wewe ulikuwa wapi inapoonyeshwa?"

Hapo mtu mwingine angedanganya. Thurman alisema ukweli, kwamba alifanya kazi na vijana hao kwa msimu mmoja wa joto, baada ya kutoka kiwanda cha kuchinja bata mzinga, na simu zote za wauzaji zilikuwa na picha ile ile. Akaacha kazi.

"Uliacha, au uliachishwa?"

"Niliacha."

"Wote mnasema hivyo. Toka kwenye kibaraza changu."

Akatoka. Alikuwa ameshafika kwenye pikapu yake, mlango wazi, Bi Ernestine akamwita tena. Akaingia ndani, akarudi na upepeo wa kanisani ambao una jina lake kwa nyuma, ameliandika yeye mwenyewe kwa kalamu nyekundu maana ule usharika una wezi wa pepeo.

"Kila picha utakayopiga, huu uonekane," akamwambia. "Nisipouona, hiyo nyumba siyo yangu."

"Sawa, mama."

"Na usiniite mama. Hata nyoka ana sababu ya kuingia humo. Yako bado sijaijua."

Tangu siku hiyo, Thurman anafanya hivyo kila nyumba. Anaomba kitu cha mwenyewe, kijiko, kofia, chochote, kionekane kwenye picha. Wengine wanacheka. Wengi wanakwenda kuchukua.

Sasa, huko chini kwa Bi Ernestine, jambo la kwanza aliloliwaza ni bomba la maji. Alikuwa na uhakika. Akalifuata kutoka bafuni mpaka jikoni, anapapasa kila kiungo, na halikuvuja hata tone. Udongo ulikuwa na ubichi wa kawaida. Halafu tone likamdondokea shingoni.

Lilitoka kwenye bomba kubwa linalopitisha hewa baridi ya kiyoyozi. Bomba lote lilikuwa linatoka jasho, kama chupa ya soda ukiitoa kwenye friji ukaiweka mezani. Maboriti ya karibu yameloa, pamba ya kuzuia joto imelegea inaning'inia. Na upepo wa vuguvugu ulikuwa unamgusa usoni kutoka kwenye matundu ya hewa ya ukutani, ambayo yote yalikuwa wazi.

Alipotoka, matope mpaka kwenye nyusi, akauliza swali moja. "Haya matundu, nani kayafungua?"

"Mimi," Bi Ernestine akajibu, na akajibu kwa fahari. "Jumatatu ya Pasaka. Rufus alikuwa anayafungua kila Jumatatu ya Pasaka, anayafunga wiki ya sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba. Tangu afariki sijaruka hata mwaka mmoja."

Huku kila mtu anafanya hivyo. Baba alifanya, babu alifanya: joto likija unafungua, nyumba ipumue, baridi ikija unafunga, mabomba yasigande. Ukipita mtaani Jumatatu ya Pasaka utawaona wazee wameinama kandokando ya nyumba zao, wanafungua.

Thurman akamwambia kwamba matundu hayo ndiyo yanayoilowesha nyumba. Hewa ya nje ya Julai ina maji. Ikiingia chini ikakuta bomba la baridi na sakafu iliyopozwa, maji yanajikusanya hapo hapo kama jasho. Mbao zinakunywa, ukungu unakuja, mchwa wanafuata. Na hewa ya uvunguni haibaki uvunguni, inapanda kwenye nyufa za sakafu, wewe unaivuta umelala.

Bi Ernestine akainama, akachungulia tundu la karibu.

"Kwa hiyo unaniambia mume wangu ndiye aliyeiozesha nyumba yake?"

"Hapana. Mlikuwa na kiyoyozi enzi hizo?"

"Tulikuwa na feni. Kiyoyozi alikileta Charisse, baada ya msiba."

"Basi mzee alikuwa sahihi. Bila kitu cha baridi humo ndani, ilikuwa inapumua vizuri."

"Maneno matamu hayo," akasema Bi Ernestine. "Wale wa fulana nao walikuwa na maneno matamu."

Hakumwamini, na mtu usimlaumu. Mtu anakuja kutoka barabarani, anakwambia kitu ambacho mtaa mzima umekifanya maisha yote ni makosa, halafu dawa anayo yeye kwenye pikapu. Kwa nini umwamini?

Ila Bi Ernestine amepika shuleni maisha yake yote, anajua namna ya kuonja kabla ya kupakua. Sebule ya nyuma iliongezwa baadaye, na uvungu wake umetengwa na ule wa zamani kwa ukuta wa matofali, una kimlango chake. Akamwambia Thurman azibe upande wa sebule tu: matundu yafungwe, nailoni nene itandikwe juu ya udongo wote, na mashine ndogo ya kunyonya unyevu iwekwe humo. Upande wa zamani usiguswe. Halafu akatoa chupa mbili za kioo, zile za kuhifadhia maharage, akatia chumvi kavu kila moja.

"Moja weka huku, moja kule. Zisifunikwe. Chumvi haina ndugu."

Vimlango vyote viwili akavipiga kufuli zake.

Muda wa kusubiri, Thurman alikuwa akihangaika nyumba nyingine. Wiki nzuri anapata nyumba mbili, wiki mbaya hapati hata moja. Mwaka jana, ukitoa mafuta na nailoni, alibakiwa na kama dola elfu ishirini na nane, na hiyo ni chini ya alichokuwa akipata kwenye bata mzinga.

"Kiwandani nilikuwa sishukiwi," anasema. "Bata hakuulizi umetumwa na nani."

Katikati ya Agosti akaitwa. Bi Ernestine alikuwa amesimama kwenye kimlango cha zamani, funguo shingoni. Akafungua mwenyewe, Thurman akaingia, akatoka na chupa ya kwanza. Chumvi ilikuwa imekuwa uji. Ukiitikisa inacheza.

Ya upande wa sebule ilikuwa kavu, inamwagika chembe chembe kama siku aliyoitia.

Bi Ernestine aliiangalia ile ya uji muda mrefu.

"Umeitia maji."

"Kufuli ni lako."

"Kufuli lina ufunguo wa akiba."

"Uko wapi?"

Akajishika shingoni. Funguo zote zilikuwa hapo, hata za akiba. Akacheka, kidogo tu, kwa pua. "Haya," akasema. "Ingia na kisu chako uniambie maboriti mangapi yameoza. Na upepeo uende nao."

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Thurman alikaa chini humo muda mrefu, anachoma kila boriti kwa ncha ya kisu. Mengi yalikuwa na ukungu juu tu, ndani mbao ngumu. Chini ya korido, matatu yalikuwa yameanza kulainika, na hayo yatafungwa mbao mpya ubavuni. Sakafu haijaisha. Bi Ernestine angeendelea kufungua matundu Pasaka mbili tatu zaidi, mnunuzi angekuwa na haki.

Charisse akapigiwa simu hapo hapo kibarazani, sauti wazi.

"Mama, huyo fundi ni nani? Umemwangalia mtandaoni?"

"Nimemwangalia uvunguni."

"Mama, watu wa hivyo ni matapeli."

"Najua. Nilianzia hapo hapo. Huyo mnunuzi wako mwambie kiwanja kina nyumba juu, na kwenye nyumba kuna mtu."

Mtu angedhani baada ya hapo Thurman angeondoka anapiga mluzi. Lakini alikaa kwenye ngazi na glasi yake ya chai baridi, hainywi. Bi Ernestine akamuuliza ana nini.

Ana baba. Mzee Linwood Wooten, anaishi maili chache kutoka hapo, nyumba ya namna ile ile, kiyoyozi kipya, matundu wazi tangu Pasaka. Anakohoa msimu mzima. Thurman amemwomba mara nyingi amruhusu ashuke aone, mzee amekataa. Anasema mwanawe alijiunga na matapeli, akajifunza utapeli, na sasa anataka kuanzia nyumbani.

"Mamia ya watu wameniruhusu," anasema Thurman. "Wengine wanashika bunduki, lakini wameniruhusu. Baba yangu mzazi, hapana. Nikifunga tundu moja kwa siri, kesho yake limefunguliwa na yuko kibarazani ananisubiri nikane."

"Linwood wa kwaya? Anayeimba besi?"

"Huyo huyo."

"Yule hamwamini hata mchungaji," Bi Ernestine akasema.

Mpango wa Thurman kwa mwaka huu si pikapu mpya wala kuajiri watu, ingawa vyote anavihitaji. Anataka kuushusha unyevu chini ya nyumba ya baba yake kabla baridi haijaingia, kwa sababu daktari ameshamwandikia mzee dawa ya kifua mara tatu, na dawa haitengenezi uvungu. Hajali kama mzee atamshukuru. Anachojali ni aruhusiwe kushuka.

Wamekubaliana Jumamosi. Bi Ernestine atabeba chupa zake mbili za chumvi na atakwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye mlango wa Mzee Linwood, amwambie alichokiona. Thurman akauliza yeye asimame wapi.

"Wewe ubaki kwenye gari," akamwambia. "Na uinamishe kichwa. Akikuona tu, hanifungulii."