Ramani Zilizokimbilia Katikati

Kaka yangu huchora ramani za nchi ambazo hazipo. Cheka tu, hata mama alimuuliza mara mia hiyo ni kazi gani ya mtu mzima mwenye mke. Ni ramani za michezo ya mezani, ile ya kuteka majimbo kwa kete na dadu. Mimi ndiye ninayezibandika kwenye karatasi ngumu na kuzikunja zisipasuke, kwa hiyo hakuna mstari wake ambao haujapita chini ya vidole vyangu.

Ana masharti, tena hayajadiliwi. Jina la jimbo lisikatwe na mpaka. Mto usifanane na barabara. Rangi zinazokaribiana zisikae jirani, kwa sababu taa ya sebuleni kwa mtu si jua. Mchezaji akiinama na kuuliza, "Hapa ni kwa nani?" basi ramani ni mbovu, anaichana. Amechana nyingi, Mungu anamwona.

Miaka miwili iliyopita kazi zake zikaanza kubadilika. Zamani alijaza kila pembe: visiwa, bandari, maelezo ya alama kule chini kushoto. Polepole visiwa vikapotea. Maelezo yakahamia baharini, kisha bahari yenyewe ikapungua. Majimbo yote yakasogeleana katikati kama watu wanaoota moto, pembeni pakabaki patupu, upana wa kiganja. Mchapishaji alifurahi kupita kiasi. "Fundi, sasa umekomaa! Mtu anatupa jicho mara moja tu, anaona vita vyote!" Akaagiza tatu zaidi. Mimi nilichukia ile karatasi inayopotea bure, nikamwambia kaka amekuwa mvivu. Akanijibu, "Wewe bandika."

Nyumbani nako akawa kituko. Anagonga fremu ya mlango kwa bega. Anamwaga chai iliyowekwa ubavuni kwake, halafu anafoka nani kaiweka hapo. Wifi yangu akampa jina, Bwana Kumbo, na sisi sote tukalidaka. Tulicheka, jamani. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Siku ya kujaribu ramani mpya tulikaa wanne mezani, mchana kweupe: yeye, wifi, mchapishaji na mimi. Mchezo hautoki kwake mpaka aucheze mwenyewe. Nilikuwa na kete nyekundu. Nikaziingiza kutoka magharibi, moja baada ya nyingine, wala sikuficha. Jimbo la kwanza, la pili, la tatu. Kaka anapanga majeshi yake mashariki huku akipiga mluzi. Nilipoufikia mji wake mkuu akaruka.

"Hizi zimetoka wapi? Unaiba!"

"Naibaje? Zimo hapo tangu zamu ya kwanza!"

Mchapishaji akacheka. Wifi hakucheka. Alichukua kete moja, akaishika karibu na sikio la mumewe.

"Angalia mbele. Niambie ukiiona."

Akaisogeza taratibu. Kete ikapita sikio, ikapita shavu, ilikuwa karibu ifike puani ndipo kaka aliposema, "Hiyo hapo." Kaka akatutazama mmoja mmoja, akigeuza kichwa kizima kwa kila mtu, nami nikatambua kwamba amekuwa akifanya hivyo kwa muda mrefu.

Hospitali wakamkalisha mbele ya mashine, kidevu juu ya kiegemeo, kitufe mkononi. Abonyeze kila akiona nukta ya mwanga. Mimi na wifi tulisimama nyuma yake tukisikiliza. Anabonyeza, kisha kimya. Kimya kirefu. Anabonyeza tena. Nilitamani kumpokonya kile kitufe nimbonyezee.

Daktari, mama mmoja wa makamo, akaleta karatasi iliyotoka kwenye mashine. Duara mbili, moja kwa kila jicho: weusi umezunguka pande zote, katikati kimebaki kipande cheupe. Akaanza kueleza habari za presha ya macho, na mishipa ya kuonea. Kaka akamzuia kwa mkono.

"Daktari, hii inasomeka. Cheupe ndicho nilichobakiwa nacho."

"Ndiyo."

"Na weusi unaingia ndani."

"Ulipoingia hautoki. Dawa ya matone, kila siku, maisha yako yote, ndiyo ya kuuzuia usisogee zaidi." Akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kupofuka. Bibi, nikasema, lakini yule ulikuwa uzee tu. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, daktari akasema. Akaandika.

Wifi alikuwa analia bila kujificha. Kaka aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akanigeukia.

"Sasa kaa wewe."

"Mimi? Mimi naona vizuri!"

"Hata mimi nilikuwa naona vizuri," akasema. "Kaa."

Nikaweka kidevu. Nikashika kitufe, bado kina joto la mkono wake. Ikaja nukta moja, nikabonyeza. Halafu nikangoja, nikangoja.