Samaki wa Mashavu Meupe

Nimeuza samaki Toronto miaka thelathini na moja, na kabla ya hapo nilikaanga samaki Tanga kwa miaka ambayo sikuihesabu. Shule niliishia darasa la nne. Silionei haya hilo. Waliomaliza vyuo vikuu huja dukani kwangu kuniuliza kama samaki bado yuko sawa, na mimi humfunua shavu, pale anapopumulia, nikawaonyesha. Shavu jekundu, nunua. Limefifia, mpike leo leo. Jeupe, tupa. Kwa miaka yote hiyo nimekosea mara moja, na samaki mwenyewe alikuwa wa binti yangu.

Duka liko chini ya maghorofa ya Crescent Town. Wateja wangu wengi ni watu wetu wa msikitini, familia za Kishia zilizotoka Dar, Tanga, Mombasa na Arusha. Kwetu sisi samaki asiye na magamba haliwi. Papa, kambare, mkunga, hao mlangoni kwangu hawaingii. Kuna maduka yanayouza wote pamoja, kisu kimoja, ubao mmoja. Watu wanajua mimi sifanyi hivyo, wamezoea hata hawaulizi tena. Mgonjwa ananipigia simu tu: niletee wawili. Hilo ndilo jina langu katika mji huu, na nimelijenga kwa mikono iliyokufa ganzi kwa barafu.

Nilipara samaki ili binti yangu asipare. Alikuwa akifanya kazi za shule juu ya kreti la samaki aina ya changu nyuma ya duka, nami namwambia, soma, usije ukanuka kama mimi. Akasoma. Akasoma mpaka akawa daktari, lakini si wa watu. Daktari wa samaki. Siku aliponiambia nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Yaani nimekutoa kwenye samaki, umezunguka dunia nzima ukarudi kwenye samaki?"

Alinijibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, ila ulimi wake umekulia hapa. "Wa kwangu hakuna anayewala, Mama."

Kazi yao ni kupanda meli kwenda kusini kabisa mwa dunia, kwenye bahari ya barafu. Wanashusha nyavu na kamera kule chini kusikofika jua, ndani ya maji baridi ambayo yasingekuwa na chumvi yangeganda yote. Wanatafuta viumbe ambao mtu hajawahi kuwaona. Akirudi namuuliza, safari hii mmepata kilo ngapi? Mwaka mmoja akasema, "Tumepata wawili, Mama." Meli nzima, watu wenye digrii, miezi miwili, samaki wawili! Nilisimulia wateja wiki nzima. Walicheka, nami nilicheka, na moyoni nilikuwa najigamba. Nani mwingine kati yao mtoto wake amefika huko?

Majira ya baridi ya karibuni alirudi safari ikiwa imempa samaki mmoja. Ilikuwa Ijumaa, theluji imefika magotini. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka dukani, amekumbatia sanduku lenye barafu kavu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mizigo yao mingine ilikuwa inakuja kwa meli, huyu hakuthubutu kumwacha. Friza la kazini kwake lilikuwa limeharibika, na fundi hangekuja mpaka Jumanne, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu. Sikukuu ya hapa ya familia. Hilo nalo lilinikaa rohoni baadaye.

"Una friza zuri kuliko la kwangu nyumbani," aliniambia. "Mpaka Jumanne tu. Usimtoe kwenye baridi, Mama, na usimfungue."

"Unanifundisha mimi kulaza samaki?"

"Mama, nisikilize. Ndugu zake tunawajua, lakini yeye ana madoa na mapezi ambayo hatujayaona kwa mwingine yeyote. Huenda ni wa aina ambayo haijawahi kuandikwa. Na picha hazitoshi. Lazima mwili wenyewe uwepo, uwekwe mahali ambapo watu wengine watauona. Huyu ndiye pekee tuliye naye."

Nilimwambia ndiyo. Alieleza mengine pia, kuhusu damu ya samaki hao, lakini nilikuwa nampimia mtu kolekole na sikumsikiliza. Ningesikiliza, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Kila Jumamosi ya pili asubuhi nalizima friza kwa muda, niyeyushe barafu iliyojenga ukutani, nisugue. Samaki nawahamishia kwenye masanduku ya barafu. Ningeweza kuacha Jumamosi ile moja. Sikuacha, kwa sababu siku zangu za kusafisha sibadilishiwi na mtu, hata na mwanangu. Changu walirudi kwenye friza kabla ya saa nne. Furushi la samaki wa binti yangu, la karatasi ya foili, nilikuwa nimeliweka peke yake kwenye sinki, juu ya barafu, kwa heshima. Wakaanza kuingia wateja, nikamsahau pale. Mpaka adhuhuri alikuwa amelainika.

Ndipo akaingia shoga yangu. Huyu tumejuana tangu Tanga, huja nyuma ya kaunta bila hodi na kujimiminia chai yangu. Akaliona furushi.

"Hii zawadi ya nani?"

Hapo ningesema si yako, kunywa chai. Lakini nilitaka ajue. Nilitaka na wale wateja watatu waliosimama kwenye foleni wajue pia. Nikaifunua ile karatasi ya foili kwa mkono wangu mwenyewe.

"Samaki wa binti yangu. Ametoka mwisho wa dunia. Hakuna mtu aliyewahi kumwona."

Alikuwa na kichwa kirefu kama cha mamba, mdomo mpana, mwili mweupe uliokaribia kupitisha mwanga. Shoga yangu alimpitisha kidole kuanzia mkiani kwenda kichwani, kama tunavyofanya sote.

"Mbona hana magamba?"

Sikuwa nimeangalia. Mimi, sikuwa nimeangalia.

"Haya jamani," akawageukia wale wa kwenye foleni, "miaka yote tunakula kwa huyu mama tumefumba macho, kumbe friza lake lina wageni!"

"Si wa kuliwa, huyo."

"Najua si wa kuliwa, ndiyo nasema. Amelala kitanda kimoja na changu wangu wa kesho?"

Alikuwa anatania. Ndivyo alivyo, na wale wengine walicheka kama watu wanavyocheka dukani. Ila mwanamke mmoja wa foleni hakucheka. Alitazama mfuko wake wa samaki niliokwisha kumfungia, kisha akanitazama mimi. Nikawaka moto. Nikashika kichwa cha yule samaki, nikafunua shavu.

Jeupe. Jeupe kama pamba.

"Ameoza!" nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Wamemdanganya mtoto. Mimi samaki aliyeoza simweki, hata awe wa nani."

Shoga yangu akainama akanusa. "Mbona hanuki?"

Alikuwa hanuki. Pua yangu ilikuwa imeniambia hivyo kabla yake. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. Nikachukua kisu nikampasua tumbo ili wote waone uozo.

Damu haikutoka. Yalitoka maji tu, hayana rangi. Ndani kulikuwa kusafi kuliko samaki yeyote niliyempasua mwezi ule, na kulikuwa na mayai, mifuko miwili imejaa, punje kubwa za manjano kama dengu. Niliyatoa kwa mkono mtupu. Kila muuza samaki anajua mayai ya samaki aliyeoza yanavyokuwa, yanateleza na kupasuka yenyewe. Yale hayakupasuka.

Nikamkunja pamoja na mayai yake katika ile karatasi ya foili, nikamtupa kwenye pipa la nyuma. Nikarudi nikaosha kisu na ubao mara tatu, taratibu, wote wakitazama. Shoga yangu akapiga makofi. "Ndiyo maana sihami kwako." Yule mwanamke akachukua mfuko wake, akatabasamu, akaenda.

Lori la taka hupita saa kumi. Nilikuwa na saa nne nzima. Nilikwenda mlango wa nyuma mara mbili, nikasimama, nikalitazama lile pipa likiota theluji juu ya kifuniko. Sikulifunua. Shoga yangu alikuwa bado anakunywa chai, angeniuliza natafuta nini. Kwa hiyo kilichommaliza yule samaki si kisu, ni chai aliyokuwa anakunywa mtu mwingine. Nikiandika hivyo naona upumbavu wake wote.

Jumanne binti yangu alikuja asubuhi na sanduku jipya, barafu kavu inafuka moshi. Nikamwambia friza lilizima Jumapili, samaki akaharibika, nikamtupa.

Alifungua kifuniko cha friza, akaingiza mkono, akawagusa changu. Walikuwa mawe matupu. Nilimwona anawagusa, naye alijua namwona.

"Sawa, Mama," akasema. Akafunika friza, akalibeba sanduku lake tupu, akaondoka.

Simu aliendelea kupiga kila Ijumaa kama kawaida. Habari yako, dawa ya presha umekunywa, baridi ikoje. Samaki hakumtaja, nami sikumtaja. Usiseme nilikuwa nalia, sikulia. Nilikuwa nauza. Lakini kila nilipofunua shavu la samaki mbele ya mteja, lile neno "jekundu" lilikuwa linanitoka kwa shida.

Siku ya Idd alikuja kula pilau. Nilikuwa namjazia sahani, nikamuuliza tu, kama mama yeyote, meli inaondoka lini tena.

"Mimi siendi. Nafasi yangu amepewa mwingine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimpoteza samaki."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba nilimwacha nje ya baridi mimi mwenyewe." Akachukua kijiko. "Duka sikulitaja. Wangesema mengi juu ya duka."

Alikuwa amelinda jina langu. Mimi nilikuwa nimemtupa samaki wake ili kulilinda jina hilo hilo, naye akapoteza meli kwa ajili yake. Nikamwambia aache kula, twende dukani. Akashangaa, Idd, duka limefungwa. Nikamwambia vaa koti.

Nikawasha taa, nikasimama pale pale kwenye sinki, nikamweleza. Sikupamba. Shoga, foleni, magamba, shavu, kisu, pipa. Nilipomaliza alikuwa ameegemea friza, mikono mifukoni.

"Nilijua," akasema. "Changu walikuwa wagumu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Safari hii alijibu kwa Kiswahili. "Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Kisha akanieleza tena yale ambayo sikuyasikiliza ile Ijumaa. Kwamba wale samaki hawana damu nyekundu. Maji ya kule kwa ubaridi wake yamebeba hewa nyingi sana, wanaipata bila ya wekundu, na kwa sababu hiyo mashavu yao ni meupe tangu wanapoanguliwa. Weupe ni uzima wao. Nilimsikiliza mpaka mwisho, sikumkatiza. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikiliza hivyo tangu aanze kazi ile, na nina aibu kusema ni miaka mingapi.

Akatoa daftari kwenye mkoba. "Wewe peke yako ndiye uliyemfungua. Niambie ulichoona."

"Kitakusaidia?"

"Kumpa yule samaki jina, hapana. Maneno hayatoshi. Lakini sina kingine."

Nikamwambia. Hapo ndipo nilipoona kwamba kichwa changu kilikuwa kimehifadhi yote. Urefu wa utumbo na ulivyojikunja. Ngozi ya tumbo kwa ndani, nyeusi. Kwenye mfuko wa chakula, vitu kama kamba wadogo, wawili wazima na mmoja nusu. Aliandika haraka, bila kuinua uso, na kwa dakika chache tulikuwa watu wawili wanaofanya kazi moja.

"Mayai?"

Nilitamani asiulize. "Yalikuwepo."

"Mengi?"

"Viganja viwili vimejaa."

Akakishika kiganja changu, akakifungua juu ya kaunta, akakipima kwa rula, urefu na upana. Mkono wake ni laini. Wangu una makovu ya visu na miiba, na kidole kimoja hakinyooki. Akaandika namba zake.

"Yalikuwa na hali gani? Uliyagusa?"

"Niliyagusa. Yalikuwa yamekaza. Punje moja moja."

Kalamu ikasimama. Binti yangu amekulia juu ya kreti la changu. Anajua mayai yaliyokaza maana yake nini, alijua kabla hajajua kusoma.

"Mama. Kwa hiyo uliona hajaoza."

Ningeweza kusema kulikuwa na haraka, macho yangu siku hizi, watu walikuwa wengi. Yote hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Niliona," nikasema. "Nilijua mkononi kabla sijamkunja. Nikamtupa kwa sababu nilikuwa nimeshasema."

Friza likawa linanguruma katikati yetu, halijawahi kuzima hata siku moja tangu nilinunue isipokuwa nikilizima mimi. Sikumwomba msamaha wakati ule, nilimwomba baadaye, njiani. Pale dukani niliona kumwomba msamaha kungekuwa kumtaka anipe kitu kingine tena.

Mwishowe akafungua ukurasa mpya.

"Ini," akasema. "Lilikuwa rangi gani?"

Nikafumba macho ili nilione vizuri, nikamjibu.