Kufika kwa Miguu Miwili

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyewashonea sare askari wa hifadhi, enzi ambazo mtu alipimwa kiuno kwa futi, si kutupiwa suruali iliyoshonewa kila mtu, yaani isiyomkaa yeyote. Askari walipokuja kujaribu nguo walimsimulia mji wa kale wa mawe katikati ya vinamasi, viboko wakilala chini ya kuta, ndege wakiatamia madirishani. Fundi alisikiliza, pini mdomoni. Kwenda, hakwenda. Kazi haikumpa nafasi, na kazi ilipokwisha, kidonda cha sukari kikamla mguu wa kulia, uleule uliokanyaga pedali ya cherehani maisha yake yote.

Daktari akapanga kuukata Jumatatu.

"Shemeji," Fundi akaniambia, "Jumamosi twende kwenye magofu. Nataka nifike kwa miguu yangu ingali miwili."

Nilimwambia amerukwa na akili. Nikaenda naye.

Binti mwongoza wageni aliitazama bandeji, akamshauri abaki kivulini langoni, ndege wanaonekana hata hapo. Fundi alimshukuru, akashika fimbo yake, akatangulia. Njia ilikuwa tuta la udongo lililokatiza maji na matete. Vijana walitupita wakijipiga picha, wamekipa mgongo kila walichokuja kukiona. Zamani mtu alitazama kwanza.

Katikati ya safari tukasimama sote. Kiboko alikuwa amejilaza juu ya tuta, mkubwa kama gari. Binti akasema turudi, leo magofu basi. Vijana wakageuka bila hata kununa. Fundi akaketi chini palepale.

"Baba, si utakuja tena keshokutwa?" binti alimbembeleza.

"Keshokutwa mguu huu utakuwa ndooni, mwanangu."

Binti akaturudisha nyuma hadi mahali salama, akabaki nasi. Jua lilituchoma, mbu wakatukaribisha, nami nikamlaumu kila mtu, kiboko akiwemo. Fundi alikuwa akiikagua sare ya binti, akauliza nani kaishona. Binti akasema huletwa kwa marobota.

"Basi na yule kapewa ya robota hilohilo," Fundi akasema, akimnyooshea kidole kiboko. "Tazama inavyombana shingoni."

Binti alicheka kwa kuziba mdomo.

Jua lilipopinda, kiboko aliinuka na kujitumbukiza majini bila haraka, kama mwenye nyumba. Binti alingoja mpaka akawa mbali, ndipo akaturuhusu.

Kipande kilichobaki Fundi alikitembea ameuma meno. Damu ilipenya bandeji. Nilimpa bega, akalikataa. Akapanda ngazi za lango la mji, moja baada ya nyingine, akavuka kizingiti, akasimama katikati ya kuta, akatazama kote mpaka akaridhika. Ndipo alipokaa.

"Kuja nimekuja mwenyewe," akasema. "Kurudi, nibebeni."

Binti akaita wenzake kwa redio, wakaja na machela. Fundi aliwaamuru watangulize kichwa, na njia nzima aliziangalia zile kuta, mpaka matete yakazificha.