Kitu Kilichokua Tumboni mwa Dada

Dada yangu mukubwa hakuzaa. Alikuwa amekwisha kuacha kuona mwezi, ile damu ya wanawake, na hapa Muheto watu walikuwa wamechoka hata kumusema. Siku moja tunapalia maharagi, akasimama katikati ya mistari, akanishika mukono.

"Naona mwezi tena," akasema, anacheka.

Mimi sikucheka. Nikamuambia damu ya kurudi katika umri wake si mwezi, ni ugonjwa.

Nani angenisikiliza? Wamama wa kanisa walishangilia: Mungu amemurudishia tumbo! Wakaleta uji wa mutama, wakaleta kikwembe cha kubebea mutoto, na kila wakija walimuwekea mikono, wanaimba. Damu haikukoma. Ilianza kunuka. Mashavu yalimuisha, na chini ya tumbo kukavimba, kukakuwa kugumu. Nikimuambia twende kwa muganga, ananijibu, "Weye una wivu tu." Aa, nilikasirika! Nikamupandisha pikipiki kwa nguvu, tukaenda kwenye kituo cha afya.

Mama muganga alimupima kwa taa, akanawa mikono. Kisha akatuelezea polepole. Iko kirusi, kidogo kabisa, kinapita katika mambo ya bibi na bwana. Wengi kinawatoka bila wao kujua. Kwa dada kilibaki. Kiliingia katika seli za mulango wa kizazi, kikaziondolea uwezo wa kusimama, sawa pikipiki iliyokatika freni kwenye muteremko. Seli inajigawa, inajigawa tena. Wakati wake wa kufa unafika, haifi. Njo kansa hiyo.

"Kiliingia lini?" nikauliza.

"Miaka mingi, mama."

Ee Mungu wangu! Kumbe tulipokuwa tunafunga na kuomba mutoto, chenyewe kilikuwa mule ndani, kimetulia, kinatusikiliza. Watu wanasema kikulacho kiko nguoni mwako. Nguo iko mbali!

Dada hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Iko hai?"

"Iko hai. Njo maana lazima uende hospitali ya Goma haraka, waitoe. Ukichelewa, utakufa."

Alifunga kikwembe chake vizuri, akaweka mikono miwili chini ya kitovu, vile wanawake wenye mimba wanafanya. Nilitaka kuitoa mikono ile. Niliogopa kumugusa.

"Nitaenda," akasema. "Lakini wakiitoa, musiitupe kabla sijaiona."