Mafaili Mekundu

Mvua ya Tukuyu haiishii shambani, inaingia hadi kwenye karatasi. Nilipokabidhiwa chumba cha kumbukumbu katika kituo cha kufundishia vijana kazi, nilikuta fomu zao zimesindiliwa ndani ya viroba vya mbolea, zimegandana, nyingine zimeota kuvu. Picha zilikuwa zimebanduka. Ukiokota moja hujui ni ya nani. Nilishinda na hasira siku ile nzima. Mimi ni mtu wa mpangilio. Baba yangu alikuwa na duka hapa mjini, na kwake kibiriti kikikaa mahali pa sabuni ilikuwa kesi ya kusikilizwa hadi magharibi.

Basi nikazipanga. Kwanza nilizianika kwenye kamba kule jikoni, juu ya mafiga ya mpishi, hadi mwalimu wa uchomeleaji akanitania kwamba nakausha samaki. Kisha kila kijana nikamfungulia faili lake: fomu ya kujiunga, picha, matokeo ya mafunzo, na cheti cha kuzaliwa kwa wale waliotuomba tuwatunzie kwa sababu nyumba za kwao zinavuja. Mwisho nikaja na ujanja wangu mwenyewe. Wenye wazazi wote wawili niliwapa faili la kijani. Wenye mzazi mmoja, la njano. Wasio na wazazi, jekundu.

Nia ilikuwa ya heri. Kituo kilikuwa na chakula cha mchana cha bure na vifaa vichache vya kuanzia kazi, na yatima ndio waliotangulia kupewa. Kabla ya hapo, kila ulipofika mgao, kijana alisimamishwa mbele ya wenzake aeleze baba yake alifariki lini na mama yake lini. Nilikuwa nachukia jambo lile kupita kiasi. Kwa rangi zangu maswali yaliisha. Nikifungua kabati tu, najua nani apewe.

Mkuu wa kituo alinisifu mbele ya walimu wote. "Hata mgeni akiingia hapa ataelewa kila kitu," alisema, nami nikavimba kichwa.

Mgeni akaja kweli, asubuhi ya ukungu mzito ambao hata geti hulioni kutoka barazani. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye salamu ndefu na nzuri. Nilimwangalia miguuni, kwa sababu majira yale hakuna mtu anayevuka uwanja wetu bila kubeba tope. Viatu vyake vilikuwa safi. Mpaka leo sijui alipita wapi.

Alikuwa ameleta makreti ya soda kwa ajili ya vijana, na alisema kazi yake ni kuwatafutia ajira za hotelini na majumbani, nje ya nchi. Mkuu alifurahi mno. Wafadhili wetu kila wakija wana swali moja tu: vijana wangapi wamepata kazi? Na jibu letu lilikuwa la kutia aibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mkuu akasema akicheka, akamleta chumbani kwangu na kuniambia nimsaidie kwa lolote atakalohitaji.

Nilimtolea mafaili ya wale wazuri wetu. Huyu anashona suti, nikamwambia. Huyu amemaliza umeme wa majumbani, mwalimu wake mwenyewe humwita akikwama. Alitabasamu tu, hakufungua hata moja. Badala yake aliuliza zile rangi zina maana gani, nami kwa kujidai kwangu nikamweleza moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo alipovuta kiti karibu na meza. Aliomba mekundu, tena ya wasichana. Matokeo hakuyasoma. Katika kila faili alifunua ukurasa mmoja, wenye picha juu na chini yake mstari ulioandikwa "Mtu wa karibu mwenye simu". Akikuta namba, analifunga faili na kulisukuma kando. Akikuta mstari mtupu, anatoa simu yake na kupiga picha ukurasa ule. Alianza na binti mmoja wa darasa la mapishi, akafuata binti wa kijiji cha Suma anayejifunza ushonaji, akaendelea. Alifanya kazi ile kwa utulivu sana, akilowesha kidole ulimini kila anapofunua.

Machale yakanicheza. Niliweka mkono juu ya faili lililofuata, nikamwambia kumbukumbu za vijana hazipigwi picha.

"Samahani sana, dada yangu," alisema, akarudisha simu mkobani. Hakufuta kitu.

Alipoondoka nilimfuata mkuu ofisini. "Mtu anatafuta wafanyakazi na hataki kujua wanaweza kazi gani," nilimwambia. "Anataka kujua nani hana wa kumpigia simu. Huyo anatafuta nini?"

"Dada, acha roho ya kwa nini," mkuu akasema. "Barua zake zina mhuri."

"Mhuri hata mimi naweza kuchongesha, pale pale kwa fundi wa funguo."

Hakucheka. Nilikwenda polisi, kwenye dawati la jinsia, na askari wa kike alinisikiliza vizuri. Aliuliza kama kuna msichana aliyepotea, nikasema bado. Akaandika nilichomweleza na kunipa namba yake, nimpigie likitokea jambo. Lile neno "bado" nililisema bila kufikiri, nikatembea nalo njia nzima ya kurudi.

Haukupita muda mrefu, yule binti wa Suma akaja mlangoni kwangu. Alikuwa mtu mzima tayari, wa kupiga kura, lakini ana kicheko cha kitoto. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, kwenye migomba na kipande kidogo cha chai.

"Shikamoo, mama. Nimefuata cheti changu cha kuzaliwa."

"Marahaba. Cha kufanyia nini?"

Alitazama chini, kicheko kikamshinda. "Nimepata mchongo, mama. Ila usiniulize sana. Yule mama wa soda alinisubiri njiani, kasema nisimwambie mtu mpaka nifike, maana watu wa huku wana kijicho."

"Bibi yako anajua?"

"Anajua naenda Mbeya, kushona."

"Na huko unakokwenda kunaitwaje?"

Alifikiri kidogo. "Nitaambiwa tukiwa njiani."

Niliogopa. Akipata cheti atapata pasipoti, pasipoti itakaa kwenye mkoba wa yule mama, na kutoka hapo hakuna hata mmoja wetu atakayejua aulize habari zake mji gani. Lakini cheti kilikuwa chake, na sheria ya kumnyima sikuwa nayo. Kwa hiyo nikaitunga palepale. Nilimwambia cheti halisi hakitoki kituoni mpaka ndugu yake aje mwenyewe asaini mbele yangu.

"Mama, usinichomee jamani!"

"Ndiyo utaratibu. Mlete bibi."

"Yule mama anaweza kuja kunisainia."

"Yeye ni ndugu yako?"

Alitoka bila kuniaga. Baada ya hapo kila nikisikia pikipiki getini nilichungulia dirishani, na ukungu haukuniruhusu kuona aliyeshuka. Nilisoma dua zote alizonifundisha marehemu mama, na nyingine nilizirudia kwa sababu zilikwisha.

Wakaja. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, amevaa mabuti ya mpira, kitenge kimeloa hadi magotini, na amenibebea kichane cha ndizi kama ilivyo desturi ya mtu anayekwenda kwa watu. "Mugonile," nikamsalimu. Akaitikia, akatoa ndizi kwa mikono miwili, akakaa.

Kiswahili chake ni cha sokoni. Kinyakyusa changu nilikiokota nyuma ya kaunta ya baba, kwa akina mama waliokuja kununua chumvi na mafuta ya taa. Nilimweleza yote kwa lugha yake: yule mama, picha alizopiga, kazi isiyo na jina la mahali, na kwamba safari si ya Mbeya. Binti alitazama ukuta muda wote, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Nilidhani bibi atapiga kelele. Hakupiga. Alimgeukia mjukuu wake akamuuliza taratibu: huyo mama, kwao ni wapi? Kijiji gani, ukoo gani? Ukinifia huko, mimi nitakwenda kulia mlangoni kwa nani?

Kwetu hilo si swali la kutishia mtu. Mtu akifa Rungwe, majembe yanalala, kijiji kizima kinakaa msibani, na hata sisi wa msikitini tunakwenda kukaa na majirani zetu wa kanisani. Kila mtu ana mlango wake wa kuliliwa. Binti alilijua hilo tangu anabebwa mgongoni.

"Nampigia sasa hivi," alisema kwa jeuri. "Mtasikia wenyewe kwamba mnamwonea." Alibonyeza namba, akaweka spika, akailaza simu mezani juu ya faili lake.

"Shikamoo, mama. Nipo kituoni, nipo na bibi yangu. Anauliza kwenu ni wapi."

 Ilisikika mvua tu kwenye bati.

"Bibi yako yupi?"

"Bibi yangu. Aliyenilea."

"Mbona faili lako linaonyesha huna mtu?"

Sauti ilikuwa ileile ya upole. Hakuwa na hasira, alisikika kusumbuka tu, kama mnunuzi aliyekuta nyanya zimeoza chini ya tenga. Kisha simu ikakatika. Binti akapiga tena, haikupatikana. Akapiga tena. Alipoiacha, habari za cheti hakuzitaja tena.

Bibi aliniangalia mimi. Aliuliza simu imesemaje.

Nililitazama lile faili. Lilikuwa safi, limenyooka, na mwandiko wangu mzuri juu yake. Mstari wa mtu wa karibu ulikuwa mtupu kwa sababu bibi, aliyestahili kuandikwa pale, hakuwa na simu. Ningeweza kumdanganya bibi, nikasema mtandao ni mbaya, na angeamini. Lakini alikuwa ametembea na mvua ile, na ndizi zake zilikuwa mezani kwangu. Nikamwambia: imesema karatasi zetu zinaonyesha mjukuu wako hana mtu.

 Nilimwonyesha mstari wenyewe, naye akaugusa kwa kidole chake chenye utomvu mweusi wa migomba. Halafu akasema kwa Kiswahili, nadhani alitaka mjukuu wake asikie kwa lugha ya hapo mezani:

"Basi niandike. Andika kwenye hiyo kalatasi yako kwamba nipo."

Nikamwandika. Niliandika bibi, nikaandika kijiji, nikaandika njia ya kufika nyumbani kwake kuanzia barabara ya lami mpaka mlangoni, na maandishi yakavuka mstari yakaingia pembeni. Binti alilia waziwazi sasa, kichwa kwenye mapaja ya bibi, na bibi akimwambia "ndaga, ndaga", yaani pole, pole, huku akimpapasa.

Walipoondoka nilimpigia yule askari, kisha nikayatoa mafaili mengine yote yaliyopigwa picha na kuyaweka mezani na rejista ya mahudhurio pembeni. Yule binti wa darasa la mapishi, aliyekuwa wa kwanza, hakuwa ameingia darasani tangu juzi. Cheti chake hakuwahi kutukabidhi, kwa hiyo hakuwa na haja ya kupita kwangu. Kwenye fomu, mahali anapoishi, nilikuwa nimeandika neno moja tu: Kiwira. Nilikwenda jikoni nikamuuliza mpishi, nikaenda karakana nikawauliza walimu, nikasimama barazani nikawauliza vijana wenzake waliokuwa wanajikinga mvua, nani anajua kwao ni nyumba ipi. Walitazamana. Hakuna aliyejua.