Uji wa Papa na Muzizi wa Pepa

Nimemdanganya baba yangu mzazi, na majirani wananisifu kwa hilo.

Ujanani Papa alichunga ng'ombe kule Pepa. Baridi ya milima ile haikumuweza, anasema, kwa sababu ya muzizi mmoja mweupe, mkali kupita tangawizi, ambao wenye shamba walikuna wakala na nyama. Kwa Kifaransa wanauita refori. Aliposhuka Kalemie kuoa alikuja na kipande chake, kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Huku joto haliupendi. Akaupanda kwenye ndoo iliyopasuka, kivulini nyuma ya jiko, akatufundisha sheria yake: huu hautupi mbegu. Ukichimba, kata kichwa chenye majani, kirudishe udongoni siku ileile. Usiporudisha umeisha, na soko zima la Kalemie utazunguka bure.

Tuliula na samaki mukeke wa kuchoma, chumvi na ndimu. Tukishikwa na mafua alitukunia tuvute harufu, pua zikafunguka, tukapiga chafya huku tunacheka. Marehemu mama alisema ile ni adhabu, si chakula. Mimi peke yangu niliupenda kama Papa.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, tumbo likamlaza. Kwenye kituo cha afya wakasema ana vidonda ndani: ale uji na samaki wa kuchemsha, kitu kikali asiguse. Nikauliza, na muzizi je? Muganga akatikisa kichwa. Mimi namjua Papa, ndoo ikiwa pale atachimba tu. Basi nikakata majani yote, nikaificha ndoo stoo chini ya gunia, nikamwambia mvua imeuozesha. Alijifunika shuka, akageukia ukutani.

Tangu siku ile akagoma kula. Vijiko viwili, anasukuma bakuli. "Huu uji hauna ladha ya kitu." Akakonda mpaka saa ikawa inazunguka yenyewe mkononi. Nilimbembeleza, aa wapi! Nikamgombeza, mimi mtoto, namgombeza baba mtu. Niliogopa atanifia mikononi kwa njaa, siyo kwa vidonda.

Mchana mmoja hamu ikanishinda. Nikachimba kipande, nikajificha jikoni, nikakikuna kwenye bati nililolitoboa kwa misumari. Tonge la kwanza tu, ukali ukanipanda puani, machozi yakamwagika. Kugeuka, Papa huyu mlangoni na fimbo yake. Nikafunika sahani kwa kitenge.

"Mama," akasema, ndivyo anavyoniita, "unalia sababu yangu?"

Nilitakiwa nimwambie palepale. Nikajipangusa macho tu.

"Usilie, mutoto wangu. Leta ule uji, nitakula."

Akaula wote. Kesho yake akagoma tena, na mimi nikaenda kukuna muzizi. Ndiyo, makusudi! Nikaenda mbele yake macho mekundu, akala. Ikawa hivyo kila mchana. Mashavu yakarudi, akaanza kutembea mwenyewe mpaka barazani. Majirani wakipita wanasema, huyu binti ana huruma, anamlilia babake. Mimi naangalia chini. Kumlisha mzee kwa machozi ya uongo, hiyo ni huruma gani?

Na siyo hilo tu. Vichwa vya mizizi sikuvirudisha hata kimoja. Chini ya gunia visingeota, na nje niliogopa vitachipua, aone majani, ajue. Nilivitupa chooni.

Juzi nilikuna kipande cha mwisho. Papa akashika kijiko, akaniangalia macho, akatabasamu.

"Leo umekuna mwingi."

Nikakosa pa kujificha.

"Ile harufu nimeishi nayo tangu Pepa. Unafikiri tumbo likiumwa na pua inakufa? Nilijua siku ya kwanza, palepale jikoni. Lakini muntu anayejiliza kila siku ili nile, nitamukatalia namna gani?" Akavuta bakuli karibu. "Niambie tu kitu kimoja. Kichwa, unakirudisha?"

Nikakunja kitenge changu upya.

"Maana nikipona nataka tuule pamoja, mimi na wewe, na mukeke. Nimechoka na uji, Mama. Ninaumeza sababu najua muzizi uko unaningojea."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika mwisho kabisa, na bado nikapiga hatua nyingine.

"Ninakirudisha, Papa."

"Asanti."

Akala mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Mimi machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia, na mikono nilikuwa nimeshanawa zamani. Papa akaniona, akacheka kwa furaha kama mtu mzima wa afya.

"Unaona?" akasema. "Ule wa leo ndiyo mukali kweli."