Shavu la Pili la Patil

Naweka dau la kikombe cha chai, na nitakinywa mimi: hakuna atakayeamini kwamba somo la katiba lililowakaa kichwani watoto wa kijiji chetu lilifanyika kwa Dhondiba kinyozi. Dhondiba huyu huyu aliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu, anavyosema mwenyewe, walimu walikuwa wameishiwa vya kumfundisha.

Dhondiba hujisifu kuanzia anapofumbua macho. Wembe wake unamnyoa nzi angali anaruka, na nzi anasema asante. Lakini wembe huo haukuwahi kumgusa Mahar hata mmoja, wale watu wa mtaa wa nje ambao wengine walijiona watachafuka wakiwagusa. Baba yake hakuwanyoa, babu yake hakuwanyoa. Wenye mashamba ndio waliomlisha, kila mavuno wakimletea mtama.

Basi akaja mwalimu Waghmare, kijana wa Kimahar, kufundisha uraia. Siku moja anaeleza kwamba raia wote ni sawa, binti mmoja, Sushila, akanyoosha mkono.

"Guruji, kama tuko sawa, mbona kunyoa ndevu tu unapanda baiskeli mpaka mjini?"

Waghmare akafunga kitabu. "Twendeni."

Dhondiba alikuwa amemkalisha Patil, mkuu wa kijiji. Shavu moja lishanyolewa, la pili bado lina povu. Mara mlango ukajaa watoto.

"Guruji, wote hawa wameota ndevu?" aliuliza Dhondiba.

"Mwenye ndevu ni mimi. Wao wamekuja kusoma."

"Kawasomeshee kwenu," alisema Patil, bila kugeuka.

Waghmare akawatazama watoto. "Babu yangu na wenzake walikwenda kunywa maji ya bwawa la umma, ambalo Mahar walikatazwa kuligusa. Wakapigwa marungu. Wakarudi, wakanywa. Kuandikwa kwenye katiba kulikuja nyuma yao." Kisha akamwuliza kinyozi, "Nisubiri zamu yangu?"

Dhondiba akautazama wembe. Akitikisa kichwa tu, mtama wa mwaka mzima uko salama. Ila mlangoni wamesimama watoto ambao kila siku huwatambia kwamba kijiji hiki hakijazaa mwanamume wa kumtisha.

"Subiri, guruji. Limebaki shavu moja."

"We Dhondiba," alisema Patil, "ukimgusa huyo, huo wembe usirudi usoni kwangu."

"Basi amua upesi, mzee. Povu linakauka."

Patil akainuka na povu lake, akatoka. Watoto wakampisha.

Waghmare akaketi. Dhondiba akampaka povu. "Ndevu gani hizi, kama mabua shambani? Huko mjini walikuwa wanakunyoa kwa jembe?"

Watoto wakaangua kicheko, na mwalimu naye.

"We usicheke. Nikikukata, watasema nimetumwa."

Mavuno yale mtama wa Patil haukuja, wala wa ndugu zake. Ila mtaa wa nje ulikuja, baba kwa mwana, na benchi la Dhondiba halikupoa. Jioni ya siku ile ya wembe, mkewe alipomwuliza watakula nini, alimjibu asiwe na wasiwasi: Patil atarudi kabla ya soko la Alhamisi, maana hakuna mkuu wa kijiji anayeweza kutembea na shavu moja.

Patil akafuga ndevu. Anazo mpaka leo. Hapo Dhondiba alikosea, na anakubali.